Mjomba, Hiyo Ulishinda Nini?

Mpwa wangu alinishika mkono mlangoni pa kutokea abiria, akaugeuza kama sonara anayekagua dhahabu ya mteja asiyemwamini, akakitazama kidole changu cha pete. "Mjomba," akasema, "hiyo ulishinda nini?"

Nilikuwa na saa karibu thelathini bila usingizi wa maana. Dar es Salaam hadi Doha, Doha hadi Chicago, Chicago hadi Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, na kipande hicho cha mwisho kwa kijindege ambacho magoti yangu hayajakisamehe hadi leo. Ilikuwa Septemba 2024. Kabla ya hapo safari yangu pekee ya angani ilikuwa Tanga kwenda Unguja, na hata hiyo niliisimulia mwaka mzima. Kichwani maneno yalikuwa yanachelewa kufika, kwa hiyo nilimjibu ukweli mtupu: sikushinda kitu, hii ni pete ya fedha yenye jiwe la akiki, aliniachia babu. Mtoto akaurudisha mkono wangu mahali pake kwa adabu, lakini niliona wazi kwamba nimeshuka daraja.

"Mimi ninazo tatu," akasema.

Nyuma yake dada yangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Tulikuwa hatujaonana miaka tisa.

Wanaishi nyumba ya kupanga karibu na Morse Road, kaskazini mwa mji, mahali ambapo Kisomali, Kinepali na Kiswahili cha Kongo vinakufikia sikioni kabla ya Kiingereza. Sikuwa nimevua hata viatu, kijana akanivuta hadi kwenye kabati la televisheni. Juu yake palikuwa na kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kioo, ndani yake sponji nyeusi, na juu ya sponji vitu vitatu ambavyo, Mungu anisamehe, nilidhani ni mapambo ya pazia.

Akanipa kimoja nikishike. Kilikuwa kizito kama kufuli dogo. Kichwa cha pete kilikuwa kipana kama kizibo cha soda, katikati kito cha kioo cha njano, kimezungukwa na vijiwe vyeupe vidogo vidogo. Nilivihesabu: ishirini na kimoja, na kishimo kimoja kitupu chenye gundi iliyokauka, mahali ambapo cha ishirini na mbili kilidondoka. Ubavu mmoja uliandikwa kwa Kiingereza neno la mabingwa pamoja na mwaka. Ubavu wa pili mpira wa miguu ulichongwa kwa nundu, na ukipitisha kidole gumba juu yake unazihisi pande zake zote. Ndani ya duara rangi ya dhahabu ilikuwa imeanza kubanduka, ikaonekana shaba. Nikajaribu kuivaa. Ikakwama kwenye kiungo cha kwanza cha kidole cha mwisho.

"Usiivae muda mrefu, Mjomba," akanionya. Ana Kiswahili cha Tanga kilichopitia kwenye friji: maneno yote yapo, ila yametoka baridi. "Kidole kitakuwa kijani."

Ana miaka kumi na moja. Anacheza beki wa kulia katika timu ya watoto, na pete zile alipewa kwenye mashindano ya wikiendi, yale yanayoanza Jumamosi asubuhi na kuisha Jumapili jioni, bingwa akaondoka na pete za kikosi kizima ndani ya mfuko wa plastiki.

Inabidi nieleze kwa nini jambo hili lilinikosesha usingizi kuliko hata ile tofauti ya saa saba. Nimekulia katika nyumba ambamo pete uwanjani ni kesi. Baba yangu mdogo alichezesha ndondo pale Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini: Makorora, Mikanjuni, Duga, Chumbageni, viwanja vya vumbi ambavyo mistari yake huchorwa kwa majivu na kufutika kabla ya mapumziko. Mtaa mzima ulimwita Refa, na wapo majirani ambao hadi leo hawajui jina alilopewa na wazazi wake. Kabla ya kupuliza filimbi ya kwanza alizipanga timu mbili zikitazamana, akapita akikagua viatu, kisha akarudi akikagua mikono, kopo tupu la Blue Band likiwa kwapani. Kila mwenye pete aliitumbukiza humo. Nikiwa mtoto nilisimama nyuma ya goli nikisubiri mlio ule: ting'. Mechi nyingine kopo lilirudi nyumbani likiwa na pete mbili tatu ambazo wenyewe, kwa furaha au kwa hasira ya matokeo, walisahau kuzidai. Baba mdogo alizitunza. Aliamini watarudi.

Wengine waligoma. Kwenye ndondo pete haitazamwi kama pambo. Inasemekana imesomewa, imefukizwa, imetoka ng'ambo ya bahari kwa mtu fulani, na sharti lake ni isivuliwe mpaka dakika ya tisini. Nakumbuka golikipa mmoja aliyezungushia plasta juu ya pete akadai ana jeraha. Baba mdogo akamwambia, "Kama kidole kinauma nenda hospitali. Kama hakiumi, vua." Mashabiki wa upande wa pili walishangilia kana kwamba wamepata penalti. Kipa akavua, akafungwa manne. Usiku ule baba mdogo alisema kilichomfunga ni woga, lakini hakuna mtu Makorora aliyekubaliana naye.

Nilipokua nikaja kugundua kwamba Refa wetu, ambaye sijapata kumwona na kitabu cha sheria mkononi, alikuwa sahihi neno kwa neno. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inakataza mapambo yote: mikufu, pete, bangili, hereni, hata vile vikuku vya mpira. Inasema pia kuvifunika kwa plasta hakuruhusiwi. Na haikuandikwa kwa sababu ya waganga. Desemba 2004 kule Uswisi, Paulo Diogo wa Servette alitoa pasi ya goli dhidi ya Schaffhausen, akakimbilia kwa mashabiki, akaparamia uzio. Alipoteremka, pete yake ya ndoa ilinasa kwenye waya, na sehemu ya kidole ikabaki juu. Refa akamwonyesha kadi ya njano kwa kushangilia kupita kiasi. Kisa hiki nilimsomea baba mdogo kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile kadi ilitoka kabla au baada ya kuonekana kile kidole.

Hivyo ndivyo pete na mpira vilivyokuwa kichwani mwangu: mahasimu. Aliyevipatanisha kidogo ni Raúl wa Real Madrid, aliyekuwa akifunga goli anabusu kidole cha pete kwa ajili ya mkewe. Na sasa hapa palikuwa na mtoto wa dada yangu, damu ya Refa, mwenye pete tatu alizozipata kwa kucheza mpira.

Usiku ule tulikula ugali na majani ya kijani ya huko, mapana kama masikio ya tembo, ambayo dada ameyafundisha kuwa sukuma wiki. Shemeji yangu ni mtu wa Kigoma, anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, na michezo ya Wamarekani ameijulia huko huko ghalani, kwa kuwasikiliza wenzake wakibishana zamu nzima. Nikamuuliza habari za pete. Akaosha mikono kwanza. Ndipo nikajua maelezo yatakuwa marefu.

"Hawa, shemeji, pete wanaianzia shuleni," akasema. Chuo cha kijeshi cha West Point kilikuwa na pete ya wahitimu tangu 1835, na vyuo na sekondari vikaiga, mpaka ikawa kijana akimaliza shule ananunua pete yenye jina la shule kama sisi tunavyopiga picha studio. Kampuni ya Jostens, iliyoanza 1897 katika mji mdogo wa Owatonna, Minnesota, kwa kutengeneza saa na vito, ilikuja kutajirika kwa pete hizo za wanafunzi. Mafundi wapo, kalibu zipo, basi ikabaki kutafuta kidole kingine. Mwaka 1922 timu ya besiboli ya New York Giants iliwapa wachezaji wake pete baada ya ubingwa. Kabla ya hapo bingwa alizoea kupewa kitu cha kuning'iniza kwenye mnyororo wa saa au pini ya tai. Desturi ikaenda ikiota mizizi. Green Bay Packers, timu ya mpira wao wa kubeba mkononi, walipotwaa Super Bowl ya kwanza, Januari 1967, pete yao ilikuwa na almasi moja tu katikati, na Jostens ndio waliitengeneza. Ukiiona pichani leo utadhani ni ya mchumba. Za sasa zinabeba almasi kwa mamia.

Huko pete imekuwa kipimo cha mtu. Hawaulizi mchezaji amefunga mangapi, wanauliza ana pete ngapi. Bill Russell wa Boston Celtics alitwaa ubingwa wa mpira wa kikapu mara 11 katika misimu 13, na kila anayemtaja hakosi kukumbusha kwamba vidole vya binadamu ni kumi. Kwa hiyo mpira wa miguu ulipopata ligi yake mpya, MLS, mwaka 1996, ikiwa na timu 10, ulikuta meza imeshaandaliwa. Kombe lipo, kama kwetu. Lakini bingwa asipopata pete, majirani zake wa besiboli na kikapu watamwonaje?

Hapo nilimkatiza. Mpira wa dunia nzima unajitosheleza kwa medali. Uingereza bingwa wa Ligi Kuu hukabidhiwa medali 40 azigawe mwenyewe. Medali unavishwa shingoni, unaing'ata mbele ya kamera, kesho yake unaikabidhi kwa mama yako. Shemeji akasema ndiyo hoja yenyewe: medali inaishia kwa mama, pete unakwenda nayo sokoni.

Kisha akanipa kisa cha Robert Kraft, na alikisimulia kwa raha ya mtu anayejua kinavyoisha. Kraft anamiliki New England Patriots, timu ya ule mpira wao wa kubeba mkononi. Mwaka 2005 alikwenda Urusi na wafanyabiashara wenzake, akamwonyesha Vladimir Putin pete yake ya Super Bowl, yenye almasi 124. Putin akaivaa, akaitazama, akaitia mfukoni, akaondoka na walinzi wake. Wakati ule ilielezwa kuwa ni zawadi. Miaka minane baadaye Kraft mwenyewe akasema hakuwa ameitoa, ila alishauriwa kwamba kwa ajili ya uhusiano wa nchi mbili ingefaa iwe zawadi. Kremlin ikashikilia kwamba alipewa.

"Sasa sikiliza utamu wake," shemeji akasema. Kraft huyo huyo anamiliki timu ya soka, New England Revolution. Imefika fainali ya MLS mara tano: 2002, 2005, 2006, 2007 na 2014. Imefungwa zote tano. Pete za mpira wa mkononi ameshinda sita, ukihesabu na ile ya Moscow. Ya ubingwa wa mpira wa miguu hana hata moja.

Dada alikuwa anakusanya vyombo. Yeye hadithi za matajiri hazimkoseshi usingizi. "Muulize na hizo za mwanao zimelipiwa na nani," akasema. Ndipo nikapata upande wa pili. Mtoto kucheza mpira Marekani katika timu yenye kocha wa kueleweka ni gharama ya wazazi: ada ya msimu, jezi za nyumbani na za ugenini, ada ya mashindano, petroli ya saa tatu kwenda mji mwingine, hoteli ya usiku mmoja. Ile pete ya mfuko wa plastiki imo ndani ya ada. "Wanasema chanda chema huvikwa pete," akasema. "Chetu kinavikwa kwa kadi ya benki."

Kijana alijifanya hasikii.

Jumamosi tukaenda kuwaona Columbus Crew. Nilipewa jezi ya njano. Mimi ni Simba tangu tumboni, na njano kifuani mwangu haijapata kukaa. Nilisimama mbele ya kioo nikajihisi kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi wa uongo. Dada akapiga picha akaituma kwenye kundi la familia kabla sijamzuia. Majibu yaliyotoka Tanga hayaandikiki hapa.

Kwenda mjini shemeji alipita njia ndefu makusudi ili anionyeshe uwanja wa zamani, ule ulio kwenye viwanja vya maonyesho vya jimbo. Kwa macho ni majukwaa ya vyuma tu, hauna mbwembwe. Lakini ulipofunguliwa Mei 1999 ulikuwa wa kwanza kujengwa mahususi kwa ajili ya timu ya MLS. Kabla ya hapo timu za ligi hiyo zilikuwa wapangaji katika viwanja vikubwa vya mpira wa mkononi, mashabiki wachache wamepotea katika viti kama punje za mtama kwenye jamvi. Hapo ndipo timu ilipokaribia kuzikwa. Oktoba 2017 mmiliki wa wakati ule alitangaza kwamba uwanja mpya usipopatikana katikati ya jiji ataihamishia Austin, Texas. Nilidhani nimesikia vibaya. Timu inahamishwaje? Coastal Union yetu ya Tanga unaihamishia Dodoma, na nani aende kuishangilia? Shemeji akasema huko inawezekana, timu ni mali ya mtu kama basi la abiria. Mashabiki walianzisha kampeni ya kuiokoa, wakajaza mabango kwenye madirisha ya maduka. Jimbo na jiji wakaenda mahakamani kwa sheria ya Ohio iliyotungwa miaka ya tisini baada ya timu ya Cleveland kuhamishwa. Mwanzoni mwa 2019 timu ikapata wamiliki wapya, ikabaki. Desemba 2020, katika ule ule uwanja wa vyuma, mbele ya mashabiki wachache kwa sababu ya korona, ikaifunga Seattle Sounders 3-0 ikawa bingwa.

"Zile pete," shemeji akasema, akiwasha gari tena, "ningekuwa mimi ningemvisha aliyebandika bango."

Nikamuuliza nani hasa anavishwa. Akaniambia kwa desturi ya huko pete haiishii kwa wachezaji na benchi la ufundi. Klabu nyingi huteremka nayo mpaka ofisini, kwa wauza tiketi, kwa watunza vifaa, isipokuwa zinatofautiana: ya mchezaji ina vito vya kweli, ya mfanyakazi ina vito vya kufanana navyo. Ubaguzi wa kistaarabu, nikafikiri. Lakini njia nzima niliwafikiria watunza jezi wa kwetu, wale wanaofua usiku kwa beseni na kuanika kwenye kamba za hosteli, ambao ubingwa ukija wanaonekana pembeni kabisa ya picha, nusu ya uso. Hata hicho kito cha kufananishia wangekipokea kwa mikono miwili.

Uwanja mpya uko katikati ya jiji, ulifunguliwa Julai 2021, unachukua watu zaidi ya 20,000. Tulikaa juu, bei ya juu ni nafuu. Upande wa kaskazini wanasimama mashabiki wa ngoma na bendera, jukwaa wanaloliita Nordecke, na dakika zote tisini hawakukaa chini. Nikakumbuka Mkwakwani siku ya Coastal na African Sports, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayekaanga muhogo.

Mechi yenyewe sitaisimulia. Nilichokwenda kukitazama kilikuwa kwenye kupasha misuli, na niliazima darubini ya kuchezea ya mpwa wangu ili nikione: vidole vya Darlington Nagbe.

Nahodha wa Crew wakati ule, kiungo, mtu asiyekimbia ovyo. Alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1990. Baba yake, Joe Nagbe, alikuwa nahodha wa timu ya taifa. Vita ikaiondoa familia ikiwa na mtoto mchanga. Wakazunguka Ulaya alikocheza baba, hatimaye wakafika kaskazini mwa Ohio. Sasa zifuate pete zake taratibu, maana zimepita njia ya ajabu. Ya kwanza ni ya Portland Timbers, Desemba 2015. Fainali ilichezwa wapi? Hapa Columbus, kwenye ule uwanja wa vyuma, na waliofungwa 2-1 ni Crew. Goli la kwanza la Portland liliingia sekunde ya 27, kipa amezubaa na mpira miguuni. Ya pili ni ya Atlanta United, 2018, na waliofungwa 2-0 ni Portland, timu aliyotoka. Ya tatu ni ya Columbus hao hao aliowaliza, 2020, ila siku ya fainali alikuwa na korona, akaiona kama nilivyoiona mimi, kwenye kioo. Ya nne ni ya 9 Desemba 2023, katika uwanja huu mpya, yeye akiwa na kitambaa cha unahodha: Crew 2, Los Angeles FC 1, Cucho Hernández kwa penalti na Yaw Yeboah wa Ghana dakika ya 37.

Goli la Yeboah nilisimuliwa na mpwa wangu kwa mikono, miguu na kikombe cha soda cha mtu aliyekaa mbele yetu.

Nilimlenga Nagbe kwa darubini, nikasubiri ainue mikono. Akazifunga soksi, kisha akainua, akipungia jukwaa. Vidole vitupu. Bingwa mara nne, na uwanjani, mahali alipozipatia, hata moja hana ruhusa ya kuivaa. Mwamuzi wa akiba alikuwa anapita mbele ya benchi akiwatazama wachezaji wa akiba mikononi na shingoni. Hakuwa na kopo. Nikacheka peke yangu mpaka dada akaniuliza kama baridi imenipanda kichwani.

Wakati wa kurudi, kwenye msongamano wa magari, nilimuuliza kijana kwa nini pete zake hazivai hata siku moja. Akasema shuleni wenzake wote wanazo. Kuna mmoja anazo tisa. "Ukivaa wanacheka," akasema. "Unaziweka tu." Mtoto mwenye pete tisa za ubingwa katika umri wa miaka kumi na moja! Bill Russell alihitaji misimu mingapi?

Nilikaa wiki tano. Nilijifunza kupanda basi, nilipotea mara mbili katika duka moja, nilisaidia kufyeka majani ya uwanjani nikaambiwa nimefyeka na ya jirani. Usiku wa kuondoka, begi likiwa limeshapimwa na kupunguzwa, kijana alikuja na soksi iliyofungwa fundo. Ndani yake ile pete yenye kishimo.

"Mpelekee Babu Refa," akasema. "Jiwe moja limetoka, lakini ni ya kweli."

Doha walinipitisha kwenye mashine, begi likarudishwa, afisa akaitoa ile soksi, akaitazama pete, akanitazama mimi, tumbo na kipara. Akanipongeza. Nikashukuru. Ningemweleza nini?

Baba mdogo sasa ana zaidi ya miaka sabini, magoti yamestaafu kabla yake, anashinda barazani na redio. Nilimkuta Jumamosi alasiri. Akasikiliza salamu zote, za dada, za shemeji, za theluji ambayo sikuiona. Nikamkabidhi soksi. Akaifungua fundo polepole, akavaa miwani, akaipeleka pete kwenye mwanga, akasoma ubavu mmoja, akageuza ubavu wa pili, akachungulia ndani ya duara ambako watu huandika mambo. Akainusa.

"Imesomewa?"

"Hapana, baba. Wanapewa hivyo hivyo."

"Kila mmoja?"

"Kikosi kizima. Mpaka wa akiba."

Akafikiri. "Fainali walishinda ngapi?"

Nilijikuta sina jibu. Nilihesabu vijiwe, nikapima uzito, nikajua ada na petroli, na matokeo sikuuliza. Huku kwetu ilikuwa saa tisa, Ohio saa mbili asubuhi. Nikapiga simu ya video. Kijana alikuwa tayari amevaa jezi, anafunga kamba za viatu kwenye ngazi za nyumba. Nyuma yake dada anapiga kelele kwamba wamechelewa.

"Babu anauliza fainali ya ile pete mlishinda ngapi."

Akakunja uso, akatazama juu. "Sikumbuki," akasema. "Nadhani penalti."

"Refa alikuwa nani?" baba mdogo akauliza kwa sauti ya kuvukia bahari.

Kijana akacheka, akidhani ni utani. Baba mdogo hakucheka. Alinyoosha mkono chini ya kiti, akavuta lile kopo, rangi yake ya njano imebaki kwenye mikunjo tu, akaitumbukiza pete ndani. Ting'. Kisha akanipokonya simu, akaisogeza usoni mpaka upande wa pili nadhani ilionekana pua tu.

"Unakwenda kucheza sasa hivi?"

"Ndiyo, Babu."

"Hebu nionyeshe mikono."

Kijana akaegemeza simu kwenye ngazi, akainua mikono yote miwili mbele ya kioo, akatandaza vidole, akaigeuza huku na huku.

"Haya," Refa akasema. "Kacheze."